Sauti Inayoona Ndani ya Tumbo

Tuseme ni mwezi wa Juni. Mpunga umekatwa, na njia ya kutoka Mngeta kwenda Ifakara imekauka. Kijana mmoja amepakia magunia mawili nyuma ya pikipiki yake. Mbuzi akatiza njia. Kijana amkwepa, pikipiki yalala, na usukani wampiga ubavuni upande wa kushoto. Watu wakimbilia hapo. Lakini kijana ainuka mwenyewe, ajipangusa vumbi, atazama magunia yake kwanza, kisha asema, "Sijambo." Hana jeraha ila mkwaruzo wa goti. Watu wacheka kwa kuwa hofu imewatoka, na kila mtu ashika njia yake.

Baada ya saa mbili kijana aomba maji. Anywa, aomba tena. Apiga miayo. Mikono yake imekuwa ya baridi na jasho lamtoka, hali jua limekwisha kushuka. Wazee wasema ni mshtuko tu, apewe uji alale. Usiku wa manane ainuka kwenda nje, naye aanguka mlangoni.

Ndugu wasomaji, kijana huyu ni wa mfano, lakini sidhani kama kuna kijiji katika bonde letu la Kilombero ambacho hakijapata kumwona ndugu yake. Mwili wa mtu mzima una damu lita tano hivi. Bandama, ambayo kwetu sisi tulioumwa malaria tangu utoto mara nyingi huwa imevimba, yaweza kupasuka kwa pigo dogo. Na tumbo ni mfuko wenye siri: laweza kuficha lita mbili za damu na zaidi, na kwa nje likaonekana kama tumbo la mtu aliyekula akashiba. Mtu hutoka damu mpaka kufa, wala tone moja halikuanguka chini.

Basi watu wamleta Ifakara usiku ule. Daktari amshika mkono, aona mapigo yaenda mbio na ngozi ni baridi. Ajua damu inapotea. Lakini inapotelea wapi? Tumboni? Kifuani? Katika mfupa wa paja au nyonga? Kumpasua tumbo mtu ambaye damu yake iko kifuani ni kumwua. Kungoja mpaka asubuhi ili kuona vizuri ni kumwua pia. Zamani daktari aliweza kuchoma sindano tumboni na kuvuta aone kama damu itatoka, au kubonyeza kwa vidole na kubahatisha. Wengi waliokoka kwa njia hiyo, kwa kuwa waganga wale walikuwa na mikono yenye akili. Wengine hawakuokoka.

Leo kipo chombo cha kujibu swali hilo kwa dakika chache, pale pale kitandani, bila kisu wala sindano. Ni ultrasaundi. Nawasikia akina mama wakisema, "Hiyo twaijua, ndiyo ya kutazamia mtoto tumboni." Kweli, ndiyo hiyo hiyo. Ila kuna jambo ambalo wengi hatujaambiwa, nalo ndilo sababu ya makala hii.

MASHINE ILIYOTOKA CHUMBANI MWAKE

Katika hospitali nyingi ultrasaundi ina chumba chake. Ina benchi lake la kungojea, karatasi yake ya kuandikiwa na daktari, na mtaalamu wake wa picha ambaye jioni hufunga mlango na kwenda nyumbani kama watu wengine. Kwa mama mjamzito anayekuja kwa miguu yake asubuhi, mpango huo wafaa kabisa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lashauri kila mama mjamzito apimwe mara moja kwa ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, na benchi halimdhuru.

Lakini mtu anayekata roho hapangi foleni. Kumwinua kitandani, kumsukuma katika korido, kumlaza katika chumba chenye giza mbali na dripu na hewa ya oksijeni, hiyo ni hatari juu ya hatari. Ndiyo maana waganga wa idara za dharura duniani pote wamebadili desturi. Badala ya mgonjwa kuifuata mashine, mashine humfuata mgonjwa. Na badala ya kumngoja mtaalamu wa picha, yule yule daktari au mwuguzi anayempokea mgonjwa hukishika chombo kwa mkono wake na kuuliza maswali machache tu: Je, pana damu tumboni? Je, moyo wapiga vema? Je, mapafu yamejaa hewa au maji? Akipata jibu, aweka chombo chini na kufanya kazi.

Mtaalamu wa picha hadharauliwi hapo. Yeye huchunguza kila pembe ya ini na figo na kuandika maelezo marefu, kazi ambayo mganga wa dharura haiwezi wala haijaribu. Mwenye kuchungulia tundu la mlango aone kama nyumba inaungua hashindani na fundi mwashi.

Katika nchi yetu uganga wa dharura wenyewe ni kazi changa. Idara ya kwanza kamili ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, Januari 2010, na mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kuwafundisha madaktari bingwa wa kazi hiyo. Kutumia ultrasaundi kitandani ni sehemu ya mafunzo yao. Kabla ya hapo, katika hospitali zetu nyingi, "mapokezi" palikuwa mahali pa kuandikwa jina na kungoja.

PADRE NA POPO

Labda mtauliza, chombo kinaonaje ndani ya mtu bila kumfungua? Nitajibu kwa habari ya popo, maana popo twawafahamu. Jioni hutoka katika mapaa na mapango kwa maelfu, hupita katikati ya matawi ya mwembe katika giza, wala hawagongi kitu.

Karibu na mwisho wa karne ya 18 padre mmoja Mwitalia, Lazzaro Spallanzani, alisumbuliwa na jambo hilo. Alikuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Pavia, mtu wa udadisi usiokwisha. Alikuwa na bundi nyumbani, akaona kwamba taa ikizimika kabisa bundi hugonga ukuta, lakini popo hapana. Akawapofusha popo kadhaa. (Leo tungemlaumu kwa ukatili huo, nami namlaumu.) Popo wale vipofu wakaruka vizuri kama wenzao. Kisha mganga mmoja wa Geneva, Louis Jurine, mwaka 1794 akawaziba popo masikio, nao wakaanza kugonga kila kitu. Spallanzani akarudia jaribio hilo na kukiri: popo huona kwa masikio. Wataalamu wengi wa siku zile wakamcheka, wakiuliza kama basi popo husikia kwa macho. Padre alikufa mwaka 1799, na dunia ikangoja mpaka mwaka 1938, wakati wataalamu wawili wa chuo cha Harvard, Marekani, walipotega chombo na kugundua kwamba popo hupiga kelele kali sana ambazo sikio la mwanadamu halizipati. Kelele hizo hugonga mti au mdudu na kurudi kama mwangwi, na popo kwa mwangwi huo ajua njia.

Ultrasaundi hufanya kama popo. Sikio letu husikia mitikisiko isiyozidi 20,000 kwa sekunde moja. Kichwa cha mashine, kijichombo kama kipande cha sabuni ya kufulia, hutoa mitikisiko milioni mbili, milioni tano, hata zaidi ya milioni kumi kwa sekunde. Sauti hiyo yapenya ngozi na nyama, na kila inapokutana na kitu cha namna nyingine sehemu yake hurudi. Mashine huhesabu muda wa mwangwi na kuchora picha katika kioo. Mfupa hurudisha sauti nyingi, nao huonekana mweupe. Ini na figo ni vya kijivu. Maji na damu iliyo majimaji hazirudishi kitu, basi huonekana nyeusi. Jambo hilo la mwisho mlikumbuke, maana ndilo litakalotupa jibu la yule kijana.

Hakuna mionzi kama ya eksirei. Ni sauti tu. Kwa sababu hiyo mama mjamzito hupimwa bila hofu, na mgonjwa mmoja aweza kupimwa mara tatu kwa usiku mmoja.

Aliyeileta sauti hiyo katika uganga wa akina mama alikuwa Profesa Ian Donald wa Glasgow, Uingereza. Katika vita vya pili vya dunia alitumika katika jeshi la anga, akajua habari za vyombo vya kutafuta adui kwa mwangwi. Karibu na hospitali yake palikuwa na kiwanda cha matanuri ya mvuke, na mafundi wa huko walitumia sauti kama hiyo kutafuta nyufa ndani ya chuma. Siku moja ya Julai mwaka 1955 Profesa alipakia katika magari mawili vivimbe alivyokuwa amewatoa wagonjwa kwa upasuaji, akaenda kiwandani. Mafundi, ili kulinganisha, wakaweka na kipande kikubwa cha nyama ya ng'ombe. Mashine ya kupimia chuma ikaonyesha tofauti wazi kati ya kivimbe chenye maji na kivimbe kigumu.

Baadaye aliletewa mama aliyekuwa amevimba tumbo, ambaye waganga wengine walikwisha kumkatia tamaa kwa kudhani ana saratani isiyo na dawa. Ultrasaundi ikaonyesha mfuko mmoja mkubwa wa maji uliotoka katika kifuko cha mayai. Ukakatwa, mama akapona. Mwaka 1958 Donald na wenzake, akiwamo fundi Tom Brown, wakachapisha habari hiyo katika gazeti la waganga. Tangu siku ile, asema mwenyewe, hakurudi nyuma. Sioni ajabu.

MAHALI PANNE

Turudi kwa kijana wetu. Daktari anayejua kazi hii humpaka jeli baridi na kutazama mahali panne. Kwanza upande wa kulia, kati ya ini na figo. Pili upande wa kushoto, kati ya bandama na figo. Tatu chini, nyuma ya kibofu. Nne chini ya kifua, aone mfuko unaouzunguka moyo. Mgonjwa akilala chali, damu iliyomwagika tumboni hutafuta mabonde kama maji ya masika yanavyotafuta mbuga, na mabonde ya tumbo ndiyo hayo matatu ya kwanza. Kati ya ini na figo pasiwe na kitu; viungo hivyo viwili hukaa vimegusana. Daktari akiona mstari mweusi hapo, na mapigo yaenda mbio, amekwisha kujua. Apiga simu chumba cha upasuaji, aagiza damu. Dakika tano hazijapita.

Asipouona mstari huo atafuta kwingine. Labda kifuani, labda nyonga, labda paja, maana paja lililovunjika peke yake laweza kumeza lita moja ya damu na zaidi.

Sasa mwingine, ambaye habari yake yanisumbua zaidi kuliko ya kijana. Ni mama wa miaka 25. Amekosa siku zake mwezi mmoja na nusu, hajamwambia mtu. Asubuhi, akiwa shambani ng'ambo ya mto upande wa Minepa, aumwa tumbo ghafula chini upande mmoja, kisha begani, kisha azimia. Hajatoka damu nje ila kidogo. Mwenye kumwona asema ni malaria, au chango, au amekula kitu. Kumbe mimba imetunga katika mrija badala ya mji wa mimba, na mrija umepasuka. Mama huyu hana siku ya kungoja. Pengine ana saa chache. Mkojo wake ukipimwa na kuonyesha mimba, na ultrasaundi ikionyesha weusi ule ule tumboni, hapana haja ya mjadala. Upasuaji wake si mgumu kwa daktari aliyezoea. Kinachowaua akina mama hawa ni kuchelewa kujulikana.

Nakumbusha kwamba miaka si mingi iliyopita mama huyo angengoja kivuko. Daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018, na kabla yake, mwezi wa Januari 2016, kivuko kilipinduka mtoni pale. Daraja limetupunguzia saa za njiani. Yatupasa tuulize saa zinazopotea ndani ya lango la hospitali nazo zitapunguzwa na nini.

MOYO, PAFU NA KIFUA KIKUU

Si ajali tu. Mzee aja usiku akihema, hawezi kulala chali. Je, ni vichomi, au moyo umechoka na maji yamejaa mapafuni? Dawa za mambo hayo mawili ni mbalimbali, na maji mengi ya dripu, yanayoweza kumsaidia mmoja, yaweza kumzamisha mwingine. Pafu kavu katika kioo lina sura yake. Pafu lenye maji huonyesha mistari myeupe inayoshuka, kama mwanga wa jua upitao katika tundu za paa la nyasi. Daktari akishaona mistari hiyo pande zote mbili na moyo unaopiga kwa uvivu, ajua la kufanya. Vivyo hivyo mama aliyejifungua wiki chache zilizopita, akavimba miguu, akashindwa kupumua. Nyumbani husemwa amerogwa au hana damu. Wengine wao moyo umedhoofika kwa sababu ya uzazi wenyewe, na picha ya moyo husema hivyo waziwazi.

Kisha kuna kifua kikuu, adui wa zamani wa bonde hili. Kifua kikuu chapenda pafu, lakini kwa watu wenye virusi vya Ukimwi mara nyingi hujificha kwingine: maji katika mfuko wa moyo, tezi kubwa ndani ya tumbo, vidonda vidogo katika bandama. Kohozi halina kitu, eksirei haisemi neno, na mtu akonda. Waganga wa Hlabisa, hospitali ya shamba huko Afrika Kusini, walitengeneza mpango mfupi wa kutazama alama hizo kwa ultrasaundi, mpango ambao daktari wa kawaida aweza kujifunza. Ifakara nayo imeuchunguza mpango wa namna hiyo. Kati ya mwaka 2018 na 2020 mamia ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kifua kikuu nje ya mapafu, Ifakara na Dar es Salaam, waligawanywa makundi mawili kwa kura: wengine walipimwa kwa ultrasaundi pamoja na vipimo vya maabara, wengine bila ultrasaundi.

Matokeo yalikuwaje? Haikuonekana tofauti kubwa baina ya makundi hayo katika kupewa matibabu yaliyo sawa. Nimeona nilieleze hili bila kuficha, maana magazeti hupenda kusifu kila mashine mpya. Waganga wa makundi yote mawili walikuwa na maabara nzuri na muda wa kumfuatilia mgonjwa. Tumbo linalotoka damu halitoi muda, na hapo ndipo ultrasaundi ya kitandani yastahili sifa zake hasa. Namheshimu mtafiti anayejaribu kitu anachokipenda, kisha akachapisha kwamba hakikufanya makubwa aliyotarajia.

Wala si ajabu kwamba kazi hiyo ilifanyika Ifakara. Masista wa Baldegg kutoka Uswisi walifika Tanganyika mwaka 1921 na kuwahudumia wagonjwa wa bonde hili tangu siku za zahanati. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel akaanzisha hapa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana dunia nzima kwa habari za malaria. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko imekuwa ya rufaa, yapokea watu wa Kilombero, Ulanga na Malinyi, na tangu mwaka 2010 pana chuo cha kufundishia madaktari papo hapo. Vijana wanaotoka hapo watakuwa waganga wa Mlimba, Mahenge na Lupiro. Wakizoea chombo hiki wakiwa wanafunzi, hawatakiogopa wakiwa peke yao usiku wa mvua.

MKONO NDIO UNAOONA

Mashine haina akili. Huonyesha weusi, lakini haisemi kama ni damu, au maji ya ini bovu, au mkojo. Gesi ya matumbo huifunga macho. Damu iliyo nyuma kabisa, karibu na uti wa mgongo, mara nyingi haionekani. Na mtu aliyeanguka nusu saa iliyopita aweza kuonekana mzima kwa kuwa damu bado ni chache. Yapasa iwe imefika robo lita au nusu lita hivi ndipo ionekane vizuri. Kwa hiyo daktari mwangalifu hurudia. Daktari asiye mwangalifu hutazama mara moja, asema "hamna kitu," naye amemdanganya mgonjwa na kujidanganya mwenyewe. Huyo ni hatari kuliko yule asiye na mashine, maana asiye na mashine bado ana hofu.

Inasemekana mtu hujifunza jambo hili kwa siku mbili tatu. Kushika chombo, ndiyo. Kuona, hapana. Chama cha waganga wa dharura cha Marekani chadai mwanafunzi afanye vipimo 25 hadi 50 vya kila namna mbele ya msimamizi kabla ya kuaminiwa. Msimamizi atatoka wapi katika hospitali ya shamba? Jibu moja nzuri latoka kwa jirani zetu. Huko Nyakibale, wilaya ya Rukungiri, Uganda, iko hospitali ya Kanisa yenye jina la Mtakatifu Karoli Lwanga. Madaktari ni wachache, basi wauguzi walifundishwa kuwahudumia wagonjwa wa dharura, pamoja na kutumia ultrasaundi. Picha zao zilitumwa kwa intaneti kwa wataalamu waliokuwa mbali, nao wakazitazama na kurudisha masahihisho. Mwuguzi wa Rukungiri akasahihishwa kama mwanafunzi anavyosahihishiwa daftari la hesabu, wiki kwa wiki, na kazi yake ikawa ya kuaminika.

Habari ya gharama nayo yataka kusemwa. Mashine kubwa za zamani zilikuwa za makumi ya maelfu ya dola. Sasa viko vyombo vya mkononi vinavyounganishwa na simu au kioo kidogo, na vingine bei yake ni dola elfu mbili au tatu. Si fedha ndogo, lakini parokia zetu zimekwisha kujenga minara ya bei kubwa kuliko hiyo. Nasema hivyo bila kuwachukia wajenzi wa minara.

Ila msinunue chombo bila mtu. Katika hospitali moja niliyoizuru, nayo sitaitaja, nilionyeshwa ultrasaundi ya msaada imefunikwa shuka safi kabisa katika stoo. Betri ilikuwa imekufa, jeli ilikwisha, na mtu pekee aliyefundishwa alikuwa amehamishwa. Mtunza stoo alinionyesha kwa fahari. Wenye kuchanga wachange pia fedha ya fundi, ya betri, ya jeli, na ya kumpeleka mwuguzi mafunzoni pamoja na mwenzake, ili mmoja akihamishwa abaki mwingine.

MAMBO YETU SISI WA NYUMBANI

Aliyepigwa tumboni au kuanguka kutoka pikipiki, mti au dungu la kulindia ndege, akianza kuona kiu, jasho baridi, kizunguzungu au maumivu ya bega, asilazwe nyumbani kungoja kupambazuke. Wala asipewe uji. Najua uji ni huruma, lakini mtu mwenye tumbo lililojaa akipewa nusu kaputi aweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Mwambieni mganga saa ya ajali, mahali alipopigwa, na kama aliwahi kuambiwa ana bandama kubwa. Mwanamke aulizwe siku zake za mwisho, naye aseme kweli hata kama mumewe au mama mkwe yuko karibu. Waombeni watoke kidogo. Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga, iko namba 115 ya kuita usafiri wa dharura bila malipo.

Na njoni wengi. Damu iliyomwagika tumboni lazima irudishwe na damu ya mtu mwingine, na friji ya damu haijazi yenyewe. Mtu mwenye afya, aliyetimiza miaka 18 na kilo 50, hutoa chini kidogo ya nusu lita. Mwanamume aweza kutoa tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Kijana wa magunia mawili atahitaji watu watatu au wanne wa namna hiyo usiku ule, nao hawapatikani kwa kupiga simu Mngeta saa nane za usiku.

Mama mmoja mzee wa Mbingu, nilipomweleza haya yote, alisikiliza kwa subira mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: chombo hicho kikipita tumboni chauma? Nikamjibu kwamba hakiumi, ila jeli ni baridi, nayo hupanguswa kwa kitambaa. Akanitazama. "Basi," akasema, "waipashe moto kidogo."